Neno Ndilo Shahidi: Kuchambua Shairi, Nathari na Tamthilia

Kuchambua kazi ya fasihi ni kuonyesha jinsi maneno yalivyopangwa hata yakamfanyia msomaji jambo: yakamchekesha, yakamtia hofu, yakamfanya amwonee huruma mtu ambaye hajawahi kuishi. Namna ya kuyapanga huitwa mbinu. Maneno yenyewe, kama yalivyoandikwa kitabuni au kutamkwa jukwaani, ndiyo ushahidi. Kazi ya mchambuzi ni kuunganisha hayo mawili, aeleze neno hili, likiwa mahali hapa, limefanya nini.

Kiungo hicho ndicho hukosekana mara nyingi. Mwanafunzi wa sekondari mjini Bunia, mkoani Ituri mashariki ya Kongo, hujifunza orodha ndefu ya majina: tashibihi, sitiari, tashihisi, takriri, kejeli, taswira. Wengi huyajua kwanza kwa Kifaransa, kwa kuwa Kiswahili hutumika kufundishia katika miaka ya mwanzo ya shule ya msingi tu, kisha Kifaransa hushika nafasi mpaka mtihani wa Serikali, ule unaoitwa Exetat. Akipewa shairi, hutafuta ndani yake vitu vya kujaza orodha, akaandika kwamba ubeti wa pili una tashibihi na wa tatu una takriri. Amesema kweli, ila hajachambua bado. Amefanya kama fundi wa pikipiki anayetaja plagi, kabureta na klachi bila kusema ni kipi kinachoizuia pikipiki isiwake.

Shairi linafaa kuanza nalo kwa sababu ni fupi, na kila silabi ina kazi yake. Beti mbili zifuatazo zimetungwa kwa ajili ya makala haya, kwa bahari ya utenzi: mizani nane katika kila mshororo, mishororo mitatu ya kwanza ikiwa na kina kimoja, na wa nne ukibeba kina kinachorudi katika kila ubeti.

Vumbi la barabarani
limeingia nyumbani,
mama yuko mlangoni
afagia asichoke.

Lori limepita tena,
limepita bila jina,
wa kushuka hakuona,
vumbi nalo lisitoke.

Msomaji wa haraka atasema shairi hili linahusu vumbi na usafi wa nyumba. Msomaji mwingine, hasa aliyekulia Bunia, atasema linahusu vita vya Ituri na watu walioondoka wasirudi. Wote wawili waulizwe swali moja: neno gani limesema hivyo?

Ubeti wa kwanza, ukisomwa peke yake, unamuunga mkono yule wa kwanza. Kuna vumbi, kuna nyumba, kuna mama na ufagio. Mshororo wa tatu wa ubeti wa pili ndio unaogeuza mambo. "Wa kushuka hakuona": kumbe mama alikuwa akitazama. Alisimama mlangoni kwa sababu kuna mtu anayemngoja, na lori lilipopita aliangalia kama atashuka. Maneno hayo matatu yanamrudisha msomaji juu kwenye neno "mlangoni", ambalo mwanzoni lilionekana kutaja mahali tu. Sasa linamtaja mtu anayesubiri. Huo ni ushahidi wa dai kwamba shairi linahusu kungoja, na unaweza kuguswa kwa kidole.

Halafu lipo neno "tena". Lori hili si la kwanza. Kitenzi "limepita" kimetajwa mara mbili mfululizo, na hapo ndipo neno takriri linapofaa kuingia, likija na kazi yake: marudio hayo yanamfanya msomaji ahesabu malori pamoja na mama. Vina navyo vinashuhudia. "Asichoke" na "lisitoke" vimefungwa kwa sauti moja mwishoni mwa kila ubeti, na vyote viwili ni vya kukanusha: mama hachoki, vumbi halitoki. Sikio linawaweka mama na vumbi katika mashindano kabla akili haijatambua.

"Bila jina" ni sehemu ngumu zaidi. Malori mengi katika barabara za Kongo huandikwa jina mbele, juu ya kioo. Anayelijua hilo huona lori geni, lisilo la mtu yeyote anayejulikana. Asiyelijua husikia kitu kingine: lori limepita na hakuna jina lililoitwa, hakuna aliyesema fulani amefika. Sarufi ya mshororo inaruhusu maana zote mbili, kwa hiyo mchambuzi anaweza kuziweka zote bila aibu. Fasihi nzuri huacha milango kama hiyo wazi kwa makusudi.

Na vita? Katika beti hizi hakuna bunduki, hakuna askari, hakuna mwaka. Anayengojwa anaweza kuwa mume aliyekwenda kuchimba dhahabu Mongbwalu, au mtoto anayesoma Kisangani. Mchambuzi ana haki ya kusema kwamba msomaji wa Ituri, kwa historia ya mahali pake, atafikiria vita. Hana haki ya kusema kwamba shairi limevitaja. Tofauti ya kauli hizo mbili ni ndogo kwa macho, lakini uhakiki wote unasimama juu yake. Ujuzi wa mahali humsaidia mtu kuona kilichomo ndani ya maandishi. Hauongezi humo kitu ambacho hakikuwekwa.

Washairi wa pwani waliijua nguvu ya kitu kimoja kilichochaguliwa vizuri. Katika Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa karne ya 19 kuhusu kuanguka kwa fahari ya mji wa Pate, mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe na kuupitisha ndani ya majumba ya matajiri waliokufa. Hasemi tu kwamba utajiri hupita. Anaonyesha yale madaka ukutani yaliyotengenezwa kupambwa kwa vyombo vya kauri, na ndani yake sasa wamelala ndege wa porini. Katika kumbi zilizojaa watu sasa husikika wadudu. Anayechambua utungo huo hana budi kushika daka. Daka lilichongwa na fundi kwa kipimo cha chombo kizuri. Kiota kimekaa mahali hapo hapo, kwa kipimo kile kile. Mshairi ameliacha jengo zima akachagua uwazi mdogo ukutani, na uwazi huo umebeba nyakati mbili kwa pamoja. Mchambuzi akiandika "kuna taswira ya uharibifu" amelipita daka bila kuliona.

Umbo la utungo nalo halikuwekwa kama pambo. Katika Al-Inkishafi mishororo mitatu ya ubeti hubadilisha kina, na wa nne hurudi daima kwenye sauti ile ile. Kila hoja mpya, iwe ya dunia, ya kaburi au ya moto, inaishia kwenye mlio uleule, kama mtu anayejaribu njia nyingi akajikuta anafika mlango mmoja. Mwanafunzi anayehesabu mizani na kuishia hapo amefanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kuuliza kwa nini mtunzi alitaka sikio lirudi hapo.

Nathari haina vina vya kumshtua msomaji, kwa hiyo mbinu zake hujificha zaidi. Swali la kwanza ni nani anayesimulia, amesimama wapi, na ametuficha nini. Ituri ina mfano mzuri sana wa jambo hili, kwa kuwa msitu wake umesimuliwa kwa namna mbili zilizopingana katika vitabu viwili vilivyosomwa duniani kote.

Henry Morton Stanley aliuvuka msitu wa Ituri mwaka 1887 akielekea Ziwa Albert kumtafuta gavana Emin Pasha. Msafara wake ulijaa mamia ya watu walioandikishwa Unguja. Mwaka 1890 alichapisha juzuu mbili alizoziita In Darkest Africa. Ushahidi wa kwanza uko kwenye jalada. Jina hilo linataja Afrika iliyo na giza kuliko zote, na limetoa hukumu kabla mti wa kwanza haujaonekana. Ndani ya kitabu, msitu ni adui anayebana, na kutoka msituni kuingia kwenye nyika ni kufika kwenye mwanga. Nuru na giza vimepangwa kama pande mbili za vita, na msomaji anaongozwa aone safari ile kama ushindi.

Hapa mchambuzi ajichunge asiharakishe. Njaa, maradhi na mishale viliua watu wengi wa msafara ule. Stanley hakutunga mateso. Chini ya miti mikubwa jua halifiki vizuri, na hilo kila mtu wa Mambasa, ndani ya msitu huo, analijua. Kinachochunguzwa ni uteuzi wa maneno. Kivuli kilekile kingeweza kuitwa ubaridi, au kimbilio, au nyumba. Msimulizi amekiita giza, akarudia, akalifanya kuwa jina la kitabu. Jambo la pili ni nafsi inayosimulia. Kitabu karibu chote ni cha "mimi" mmoja. Mamia ya watu waliozungumza Kiswahili walibeba mizigo, walikata njia na kuona msitu uleule, lakini msomaji anawasikia kupitia kinywa cha mtu mmoja, kwa yale aliyochagua kuyatafsiri. Wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya pekee ya kuliona pengo hilo, na kulitaja ni uchambuzi halali, kwa sababu pengo hilo limo kitabuni na linaonekana.

Kitabu cha pili ni The Forest People cha Mwingereza Colin Turnbull, kilichotoka mwaka 1961. Turnbull aliishi miaka ya 1950 pamoja na Wambuti, watu wa msitu huo, karibu na Epulu, katika eneo ambalo leo ni la Mambasa. Katika masimulizi yake msitu ni mzazi. Wambuti wanauita baba na mama. Mambo yakiharibika, husemekana msitu umelala, nao huuimbia ili uamke. Hata giza lina maana nyingine humo: likiwa ni la msitu, haliwezi kuwa baya. Miti ni ileile na kivuli ni kilekile, lakini sitiari moja imebadilishwa na ulimwengu wote umegeuka nayo. Tashihisi imefanya kazi katika vitabu vyote viwili. Katika kimoja msitu umepewa nia ya kuua, katika kingine umepewa masikio ya kusikia wimbo.

Wengi hupenda kusimama hapo, wakampa Turnbull haki na Stanley lawama. Ingekuwa haki zaidi kumuuliza Turnbull maswali yaleyale. Naye ni mgeni, naye anasimulia kwa "mimi", naye amechagua. Watafiti waliokuja baadaye walimkosoa kwa kuupamba msitu mno na kuwachora vibaya wanavijiji wakulima waliokuwa jirani za Wambuti. Anayetaka kuhakikisha hilo hahitaji kwenda Epulu. Achukue daftari, agawe ukurasa sehemu mbili, upande mmoja aandike sifa zinazopewa msitu na watu wake, upande wa pili zinazopewa kijiji na watu wake, kisha alinganishe. Kazi hiyo ni ya saa chache, na mwisho wake mtu ana ushahidi mkononi.

Katika riwaya na hadithi za kubuni, msimulizi hufichwa zaidi, na mara nyingine mbinu huwa mbele ya macho kiasi kwamba huonekana si mbinu. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, nchi yenyewe inaning'inia angani. Karama anashtakiwa kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria, na anayemshtaki anaitwa Majivuno. Majina hayo yanamwambia msomaji amtegemee nani kabla kesi haijasikilizwa. Lakini swali zuri ni kwa nini mwandishi aliyeandika chini ya utawala wa kikoloni aiweke nchi angani. Nchi isiyo na ardhi haiwezi kuwa ya mtu fulani, na kwa hiyo haiwezi kumpeleka mwandishi mahakamani. Umbali huo ni mbinu ya kinga, na ushahidi wake uko katika kila ukurasa ambao haukutaja mahali panapojulikana.

Tamthilia haina msimulizi wa kumshika msomaji mkono. Kila kitu hujulikana kwa yanayosemwa, yanayotendwa, vitu vilivyopo jukwaani, na kimya. Onyesho dogo lifuatalo limeandikwa kwa ajili ya makala haya. Mahali ni ofisi mjini Bunia.

KARANI: Unatoka wapi?
MAMA: Niko natoka Kasenyi, papa.
KARANI: Nimeuliza unatoka wapi leo.
MAMA: Kasenyi. Juu ya mutoto.
(Karani anaweka kalamu chini.)
KARANI: Mutoto iko wapi, mama?

Mistari hii sita haina sitiari hata moja, na bado imejaa mbinu. Karani anaanza kwa Kiswahili cha shuleni. Mama anajibu kwa Kiswahili cha Bunia, "niko natoka", akaongeza "papa" kwa heshima. Karani anarudia swali kwa ukali na hamuiti kwa jina lolote. Kisha linakuja neno "mutoto". Msomaji wa pwani anaweza kukwama kwenye "juu ya", kwa kuwa kwake maneno hayo mara nyingi hutaja mahali. Hapa yanataja sababu, yaani amekuja kwa ajili ya mtoto. Maelekezo ya jukwaani yanasema kalamu imewekwa chini. Karani anaposema tena, anasema "mutoto", anasema "iko", anasema "mama". Ameshuka kutoka lugha ya ofisi akaingia lugha ya nyumbani. Hakuna aliyesema kwamba moyo wake umelainika. Sarufi ndiyo iliyosema, kalamu ikathibitisha.

Mhariri wa lugha ambaye "angesahihisha" mistari ya mama na kuandika "ninatoka Kasenyi kwa sababu ya mtoto" angeua onyesho zima. Mabadiliko ya karani yasingeonekana tena, kwa kuwa wote wawili wangekuwa wamesema sawa tangu mwanzo. Kiswahili cha Bunia ni chombo cha sanaa kama Kiswahili kingine chochote, na mwandishi wa jukwaa anayekiona hivyo ana nyuzi nyingi za kufuma kuliko anayekionea haya.

Tamthilia inayojulikana zaidi duniani kati ya zile zinazotaja Ituri iliandikwa na mgeni pia, Mmarekani Lynn Nottage. Mwaka 2004 alisafiri na mwongozaji Kate Whoriskey hadi Uganda, akawasikiliza wanawake waliokimbia vita vya mashariki ya Kongo. Kazi iliyotokana na safari hiyo, Ruined, ilionyeshwa mara ya kwanza Chicago mwaka 2008, na mwaka 2009 ikapata tuzo ya Pulitzer ya tamthilia. Mahali pake ni mji mdogo wa machimbo katika msitu wa Ituri, ndani ya baa ya mwanamke anayeitwa Mama Nadi. Anauza bia, na anauza miili ya wasichana. Askari wa serikali na waasi wote hunywa hapo, na wote sharti waache risasi zao kabla ya kunywa.

Jina la tamthilia ndilo neno la kuanza nalo, na hapa Kiswahili kinampa msomaji wa Bunia nafasi ambayo msomaji wa Chicago hana. Ndani ya tamthilia neno hilo hutumiwa kwa Sophie, msichana aliyebakwa na kujeruhiwa vibaya mwilini. Mwenye kulitafsiri lazima achague: ameharibiwa, au ameharibika? Kauli ya kutendwa, "kuharibiwa", inadai mtendaji. Mara isemwapo, sikio linauliza: na nani? Kauli ya kutendeka, "kuharibika", haimtaji mtendaji wala haimngoji. Gari huharibika, chakula huharibika. Msichana akisemwa ameharibika, aliyemtenda ametoweka kwenye sentensi, na aibu yote imebaki kwake. Neno la Kiingereza halilazimishi uchaguzi huo. Kwa hiyo anayejaribu tu kulitia jina hilo katika Kiswahili amekwisha kuingia kwenye kiini cha tamthilia: nani alitenda, na kwa nini anayebeba alama ni aliyetendwa.

Julius Nyerere aliwahi kuonyesha jinsi jina la tafsiri linavyoweza kuwa uhakiki mzima. Alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice, hakuandika mfanyabiashara. Kitabu kilichotoka mwaka 1969 kinaitwa Mabepari wa Venisi. Mmoja amekuwa wengi, na biashara imepewa jina la mfumo. Ilikuwa miaka kama miwili tu tangu Azimio la Arusha, lililotangaza siasa ya ujamaa, lianze kuwa lugha ya kila siku Tanzania, na jina hilo linaonyesha msomaji gani aliyelengwa.

Tukirudi baani kwa Mama Nadi, ushahidi mwingine umebebwa na vitu. Christian, mfanyabiashara msafiri anayewaleta wasichana, ameacha pombe. Anapoingia mwanzoni anakunywa Fanta. Mtazamaji anaona chupa na hafikirii zaidi. Baadaye kamanda wa serikali anamlazimisha anywe wiski mbele ya watu, naye anakunywa. Hakuna hotuba ya kueleza kwamba vita vimemvunja mtu mpole. Kinywaji kimebadilika, basi. Ushahidi wa aina hii hauko katika mstari mmoja. Umetawanyika katika maonyesho kadhaa, na mchambuzi lazima aufuate kama mtu anayefuata nyayo.

Mama Nadi mwenyewe ni funzo la kutoyaamini maneno ya mhusika mpaka yapimwe kwa matendo. Kwa mdomo yeye ni biashara tupu. Lakini analo jiwe la almasi alilolihifadhi kama bima ya maisha yake, na analitoa ili Sophie apelekwe kwa daktari. Jiwe linapotea, kwa kuwa mfanyabiashara mwingine aliyekabidhiwa anaondoka Sophie akiwa bado hajapanda gari. Anayeandika kwamba Mama Nadi hana huruma anaweza kunukuu maneno yake mengi, na bado atakuwa amekosea, kwa sababu ameacha tendo moja linaloyashinda yote. Ushahidi hupimwa kwa uzito, na kinachopingana na dai sharti kitajwe kabla mpinzani hajakitaja.

Ipo hatari nyingine inayomngoja msomaji wa Ituri. Vita vya mwaka 1999 hadi 2003 viko katika kumbukumbu za nyumba nyingi, na mtu anaweza kuisoma tamthilia kama taarifa, akaisahihisha: hapa si hivyo, kule hapakuwa na baa. Ebrahim Hussein alilikabili jambo hilo waziwazi alipoandika Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 dhidi ya utawala wa Wajerumani. Alieleza kwamba Kinjeketile wa jukwaani si nakala ya yule wa historia. Mtu wa historia alinyongwa na Wajerumani mwaka 1905. Mtu wa jukwaani alipewa shaka, akaifanya dawa ya maji iwe imani inayomponyoka aliyeianzisha. Maji katika tamthilia ile yanabadilika: mwanzo yanaunganisha makabila, kisha yanawapeleka watu mbele ya bunduki. Anayechambua hufuatilia maji yanavyogeuka kutoka onyesho hadi onyesho, na rekodi za Wajerumani huzisoma kwa swali jingine.

Wakati wa kuandika, ushahidi wa namna zote hizi huwekwa kwa mpangilio uleule. Dai hutangulia, nalo liwe jambo ambalo mtu mwenye akili anaweza kulipinga. Nukuu hufuata, fupi iwezekanavyo. Neno moja likitosha, mstari mzima usinukuliwe. Kisha huja maelezo, ambayo kwa kawaida yawe marefu kuliko nukuu. Insha nyingi za wanafunzi hufanya kinyume: nukuu ya mistari kumi, kisha sentensi moja inayosema kwamba mwandishi ametumia lugha nzuri. Kwa kitabu cha Kifaransa au cha Kiingereza kinachozungumzwa kwa Kiswahili, neno la asili lisomwe kwanza kabla ya kujenga hoja juu ya tafsiri, kwa kuwa tafsiri tayari imechagua kwa niaba ya msomaji.

Mwisho wa Ruined ndio mtihani mgumu wa haya yote. Nottage alianza na wazo la kuiandika upya tamthilia ya Bertolt Brecht kuhusu Mama Courage, mwanamke anayefuata majeshi akiuza bidhaa na kupoteza watoto wake watatu. Ya Brecht inamalizika mama yule akiburuta mkokoteni wake peke yake. Ya Nottage inamalizika kwa Mama Nadi kumwambia Christian, baada ya kumkataa, kwamba naye ameharibiwa kama Sophie. Neno la jalada limerudi, safari hii kinywani mwa mwenyewe, na Christian haondoki. Anamshika, wanacheza.

Wahakiki wengine waliuona mwisho huo mtamu mno kwa yale yaliyotangulia, na wengine wakauona kuwa ndio ujasiri wa kazi nzima. Kila upande una mashahidi wake. Upande wa kwanza una Salima, mmoja wa wasichana wa baa, ambaye amekufa akiwa na ujauzito wa waliomteka. Una almasi iliyopotea, na vita ambavyo havijaisha nje ya mlango. Upande wa pili una neno lenyewe, ambalo sasa limesemwa na mtu kuhusu nafsi yake badala ya kusemwa juu yake. Anayesema mwisho ni wa furaha atalazimika kueleza Salima. Anayesema si wa furaha atalazimika kueleza kwa nini mwandishi, akiwa na njia ya Brecht mbele yake, aliwafanya watu hawa wawili wacheze.